Baba Mkwe Kwenye Bomba la Mrututu

Nilikuwa mke mpya katika kijiji cha Bujonde wakati mchungaji wa Kidachi aliponichukua nikague mabomba ya dawa kwenye shamba la misheni, lenye mizabibu na michungwa. Alinichagua kwa sababu ya ufupi wangu. Mizabibu ilitambaa juu ya vichanja vya chini, na wanaume walionitangulia kazini walitoka humo jioni wameshika viuno. Mimi nilipita nimesimama wima.

Mchungaji alitaka divai ya meza ya Bwana itoke kwenye udongo wetu. Shida ni kwamba kwetu joto na mvua haviachani, na zabibu zilioza kwa ukungu kabla hazijafikia ukubwa wa njegere. Dawa yake ilikuwa mrututu uliochanganywa na chokaa, maji ya buluu ambayo yakishaingia kwenye kucha hayatoki. Ili watu wasizunguke na ndoo, mchungaji alijenga jukwaa la miti, akaweka pipa juu yake na pampu ya mkono kando ya pipa. Kutoka hapo bomba la chuma lilipita shamba zima, limefungwa kwenye nguzo, na kila hatua chache lilitoa tawi la mwanzi. Mwisho wa kila mwanzi palikuwa na pua ya udongo yenye tundu dogo. Pua hizo zilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wa ufukweni mwa ziwa, ambao walicheka sana walipoombwa watengeneze chungu kisichoweka kitu.

Pampu ikianza, nilipita nikitazama pua moja moja. Iliyonyunyiza vizuri niliiacha, iliyodondosha niliizibua kwa mwiba, na mwanzi uliopasuka niliufunga kwa kamba ya mgomba. Ziliziba kila siku, maana chokaa ilikuwa na mabonge na maji ya mtoni yalikuja na majani yake. Mchungaji alikuwa ameomba bomani, kule juu milimani, wavu wa waya ili aweke chujio kwenye pipa. Alijibiwa kwamba wavu wa serikali si wa mizabibu.

Tulikwenda hivyo mpaka mpiga pampu alipohamia Ipinda. Mchungaji akatafuta mtu mwenye mikono yenye nguvu kuliko wote kanisani, akampata. Alikuwa baba mkwe wangu.

Kwetu Wanyakyusa mke na baba mkwe wake hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia porini. Mke halitaji jina la baba mkwe, wala neno lolote linalofanana nalo. Jina la huyu wangu lilikaribiana na neno letu la maji, kwa hiyo tangu nilipoolewa nilikuwa nikisema “kile cha mtoni”, na nyumba nzima ilishazoea.

Mchungaji alielezwa. Alikuwa mtu mwema, anasema Kinyakyusa kizuri, na alitujibu kwa upole kwamba ndani ya kanisa sote tu watoto wa Baba mmoja. Tuliitikia kwamba ni kweli. Kesho yake asubuhi niliona mguu ukipanda ngazi ya jukwaa, nikalala kifudifudi chini ya mizabibu. Baba mkwe alikuwa ameshafika juu na hana pa kukimbilia, akajivika gunia la chokaa kichwani, akapiga pampu hivyo hivyo mpaka mchana, akipiga chafya.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda ile dawa. Ukungu ulikuwa umepukutisha majani, shamba limebaki vijiti, na mtu wa jukwaani anaweza kuona kila kitu. Jani jipya kwangu lilikuwa ukuta. Nilizibua pua za upande wa jukwaa kwa bidii ambayo mchungaji aliisifu mbele ya wengine.

Ilibaki shida ya kuzungumza. Pua ikiziba, pampu lazima isimame kwanza, la sivyo mwanzi unapasuka. Mwanzoni mama mkwe alikuja kutusaidia. Nilimwambia yeye, akaenda jukwaani akamwambia mumewe, akarudi na jibu. Aliyavumilia hayo wiki nzima, kisha akaketi kwenye kivuli cha mchungwa na kutuambia sote wawili, bila kutazama upande wowote, “Katikati yenu kuna chuma. Kigongeni. Mimi nina mpunga wa kupalilia.”

Tukakubaliana kupitia kwake kabla hajaondoka. Nikigonga bomba mara moja kwa jiwe, pampu isimame. Mara mbili, ianze. Nikigonga mfululizo, apige kwa nguvu zote. Kazi ikawa nyepesi kuliko alipokuwapo yule aliyehamia Ipinda, ambaye tuliruhusiwa kuzungumza naye na hakusikia.

Kisha ikaja habari kwamba bwana shamba wa boma anashuka kukagua mashine. Alifika na mkalimani wake, mtu wa pwani, na fimbo yenye ncha ya chuma. Alianza mwisho wa shamba, akitembea polepole, na kila alipofika kwenye nguzo aligonga bomba kusikia kama ni zima. Aligonga mara moja, dawa ikakatika. Akasimama kuangalia, akagonga mara mbili, ikaja. Akakunja uso, akagonga tena na tena, na pua zote zikafoka hadi mianzi ikacheza. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mchungwa na sikuwa na namna ya kumwambia baba mkwe kwamba anayegonga si mimi.

Bwana shamba akaamuru wanaoendesha mashine hii waletwe mbele yake pamoja. Tukaletwa. Nilijifunika kanga toka kichwani mpaka kidevuni, nikageukia upande wa ziwa. Baba mkwe aligeukia upande wa milima. Mkalimani alisimama katikati yetu, akaniuliza mashine ina ugonjwa gani.

Nilitaka kusema kwamba maji yana uchafu, hayapiti. Nikasema kwamba kile cha mtoni hakipiti puani.

“Kitu gani cha mtoni?” akauliza.

Nikatoa mkono kwenye kanga, nikauchezesha taratibu kuonyesha kitu kinavyotiririka.

Mkalimani akamgeukia bwana wake, akamwambia ni samaki, pengine usipa, wale dagaa wa ziwani. Bwana shamba alitazama pipa, akataka mpiga pampu aulizwe kama ni kweli samaki hupita kwenye mashine. Baba mkwe alikuwa na njia mbili tu, kukubali au kubishana na mke wa mwanawe hadharani.

“Kama amesema wapo,” akajibu akiwa ameikazia macho milima, “basi wapo.”

Mchungaji, aliyesimama kando, alielewa kila neno tangu mwanzo. Nilimsikia akikohoa, kisha akasema kwa sauti ya huzuni kwamba wavu wa waya ungewazuia samaki hao. Bwana shamba alisema jambo hilo lilipaswa kuelezwa mapema. Wavu ulifika kabla mvua hazijaisha.

Chujio lilizuia mabonge na majani, na pua zikanyunyiza kama ilivyokusudiwa. Baba mkwe alituma ujumbe kupitia mume wangu kwamba kuanzia sasa, nikishindwa kutaja kile cha mtoni, naweza kusema samaki. Mume wangu aliufikisha kwa shida kwa sababu ya kucheka. Nyumbani tuliteka samaki na tukaoga samaki.

Zabibu zikaiva, chache na ndogo, na mchungaji akakamua divai mwenyewe. Siku ya Meza ya Bwana alikunywa kwanza, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko sala ilivyohitaji. Kikombe kikapita, na divai ilikuwa chachu kuliko ndimu. Upande wa wanaume nilisikia kikohozi cha baba mkwe, na upande wetu mama mkwe alinishika mkono akaubana.

Jumatatu mchungaji alinikuta kazini, akaniuliza kama michungwa nayo ingehitaji dawa. Nilimwambia michungwa haina tatizo lolote. Akanishukuru kwa lugha yetu, “Ndaga,” akaenda kuketi chini ya mmojawapo, akamenya chungwa.