Kura ya Fundi Saa

Jumatatu asubuhi fundi saa alipiga hodi ofisi ya uchaguzi akiwa na ufagio wake mwenyewe. Sheria mpya ilikuwa wazi: mtu mzima asiyepiga kura atafagia hospitali siku tatu. Yeye hakupiga, na alitaka iandikwe hivyo.

"Kura ya kulazimishwa ni sawa na shukrani ya kuombwa," alikuwa akimwambia mkewe wiki nzima.

"Na haki isiyotumika huota kutu," mkewe alimjibu. "Kafagie basi, labda utajifunza na kufagia hapa kwetu."

Karani alipitisha kidole kwenye daftari. "Mzee, ulishapiga."

"Jana nimeshinda karakanani, peke yangu, nasafisha saa ya ukutani. Kidole hiki hapa. Kina wino?"

"Wino wa mwaka huu unatoka kwa sabuni, mzee. Kila mtu analalamika." Akamgeuzia daftari. "Si saini yako hii?"

Haikuwa saini. Ilikuwa duara dogo lenye mikwaruzo mitatu. Kila fundi saa ana alama yake, huikwaruza ndani ya mfuniko wa saa aliyoitengeneza, mahali ambapo mwenye saa hafungui maisha yake yote. Hii ilikuwa yake. Hata mkwaruzo wa tatu ulipinda kidogo, kama anavyoupinda yeye.

"Andika kwamba sikuja." Akamsukumia daftari.

"Siwezi kumwadhibu mtu aliyetimiza wajibu, mzee wangu. Asante kwa kura yako."

Alirudi na ufagio begani. Mkewe alikuwa akikunja nguo.

"Mama, jana mchana nilitoka?"

"Unaniuliza mimi? Saa nane ulipita hapo mlangoni na hili shati jeupe. Nikakusemesha, kimya. Nikasema moyoni, amenuna huyo, lakini anakwenda." Akacheka. "Haya, ulimchagua nani?"

Hakujua. Hilo ndilo lililomtisha: lipo jina lililohesabiwa kwa niaba yake, naye hawezi hata kulitaja.

Duru ya pili ilikuwa Jumapili iliyofuata. Asubuhi alimkabidhi mkewe ufunguo wa karakana.

"Nifungie kwa nje. Usinifungulie mpaka vituo vifungwe, hata nikikulilia."

Mkewe alisubiri acheke. Hakucheka. Akaupokea ufunguo, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

"Baba watoto, nitajuaje kama ninayemfungia ni wewe?"

Fundi akaingia, akasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili.