Waya kwenye Miti ya Shemeji

Kazi ya kutunza miti ya barabarani nilimtafutia shemeji mimi mwenyewe. Ni mdogo wa kike wa mke wangu, alikuwa anakaa bure, nikamwambia bosi, "Huyu ni shemeji yangu, kazi anaiweza." Kumbe najipalia makaa.

Miaka ishirini nimepogoa miti ya barabara ya soko na hakuna aliyewahi kuniambia hata pole na kazi. Yeye alipewa barabara ya zahanati, akapanda miche kumi na mitatu. Miaka minne tu, wagonjwa wanasubiri kivulini, vumbi haliingii tena chumba cha sindano, na kila mdomo ni "miti ya dada, miti ya dada". Akipita na toroli la maji wanamsaidia kulisukuma. Mimi wangenisukumia mtaroni. Nikisema sikumwonea kijicho nitakuwa mwongo. Hata mke wangu alimsifu huku akinimiminia chai.

Nilimfundisha kuchimba shimo, kuweka samadi, kumwagilia jua likishuka, na kufunga mche kwenye nguzo kwa waya ili upepo usiulaze. Jambo moja sikumwambia: waya hulegezwa kila mwaka, maana shina linanenepa. Mwaka wa kwanza nilisahau, haki ya Mungu. Mwaka wa pili nilipita pale, nikaona waya umeanza kuuma gome, nikanyamaza makusudi.

Mwaka huu miti minne ikageuka manjano. Shemeji akaja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Shemeji, nimekosea wapi? Bosi anasema ikikauka hiyo, na kazi sina."

"Labda mchwa," nikamjibu.

Kesho yake nilimkuta amepiga magoti mbele ya wagonjwa, anafukua mizizi kwa vidole, anatafuta mchwa ambao hawapo. Kucha zilikuwa zinatoka damu. Nilitaka kupita kama sijaona, roho ikanisuta. Nikatoa koleo la kukatia waya, nikaanza na mti uliokuwa karibu. Waya ulikuwa umezama kwenye shina kama pete kwenye kidole kilichovimba, ikabidi niuchokonoe ndiyo utoke.

Aliutazama ule waya, kisha akanitazama mimi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alilichukua koleo mkononi mwangu akaenda mti wa pili.

Mama mmoja aliyempakata mtoto mgonjwa akaniambia kwa sauti, "Ahsante, fundi. Mungu akubariki. Bila wewe tungerudi kukaa juani."

Benchi zima la wagonjwa likaitikia, wengine wakapiga makofi. Miaka ishirini nilikuwa nayasubiri maneno hayo. Shemeji aliyasikia yote, akaendelea kukata waya bila kugeuka.