Mkono wa Kushoto wa Manang Felisa

Kompyuta zilipoletwa wodi ya leba, padre alizinyunyizia maji ya baraka. Mkurugenzi wa hospitali akakata utepe, manesi wakala ibos, ule wali wa nazi wa kufungwa kwenye majani, na maembe, picha zikapigwa. Manang Felisa Palabrica, mkunga wa miaka thelathini na moja kazini, alisimama nyuma kabisa akanong'ona, "Loo, hizi zimebatizwa hata kabla ya watoto wangu." Watu wakacheka, na yeye akacheka nao.

Manang ni dada mkubwa, na wilaya nzima ilimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Watoto arobaini na mmoja wa mji ule walikuwa wake wa ubatizo. Mama akishazaa, alimtazama usoni yule aliyemshika mkono kutwa nzima, akasema, "Manang, huyu utamsimamia wewe." Basi Manang alinunua kofia nyeupe ya mtoto, akaenda kanisani. Hakuwahi kuzaa, na hakuona kama amepungukiwa.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Akishasikiliza moyo wa mtoto tumboni, aliandika kwa kalamu kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia kifundo kupanda juu: saa, mapigo, saa, mapigo. Mama akitulia, ndipo alipokwenda mezani kunakili kwenye chati. Karatasi haikumuuliza umekuja saa ngapi. Hizo kompyuta sasa! Zilikuwa mbili tu, kule mwisho wa korido, na subira hazina. Ukiziacha dakika tano zinakufukuza, uanze upya na neno lako la siri. Zinataka ujaze visanduku sitini na kitu, dini ya mama, anavuta sigara au havuti, na mama mwenyewe huku analia. Na kila unachojaza zinakipa saa uliyobonyeza, si saa uliyoona.

"Manang, bonyeza kwanza, mgonjwa baadaye," Rhea Mae, nesi kijana wa zamu yake, alimwambia. "Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Mtoto si mali, we msichana."

"Kwa hawa wakubwa ni mali tu. Utakuja kuniambia."

Jumanne moja walikuwa wawili tu, yeye na Rhea Mae, kwa kina mama saba. Jovelyn, binti wa miaka kumi na tisa, mimba yake ya kwanza, alikuwa na hofu hata ya kupumua. Mumewe alikuwa mbali, melini. Saa nne na dakika arobaini asubuhi alimshika Manang gauni akasema, "Usiende, Manang. Nakuomba, usiende." Manang akamwachia Rhea Mae wale sita, akavuta kiti.

Hakwenda. Kila robo saa alisikiliza, akaandika mkononi. Uchungu ulipombana, Jovelyn alimng'ata mkono uleule, juu kidogo ya namba.

"Ng'ata, mwanangu, nyama ipo tele," Manang akasema, na yule binti akacheka katikati ya machozi.

Saa sita na dakika kumi moyo wa mtoto ulianza kushuka. Manang alipiga kelele aitwe daktari. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama mwingine, tumbo limeshafunguliwa. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinakuja. Manang akakimbilia bomba, akasugua mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya miaka yote thelathini na moja. Namba zote zikashuka na povu.

Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Manang alimpulizia, akamsugua, akamwita, akampulizia tena. Alikuwa msichana. Hakulia.

Saa saba na nusu, nguo bado zina damu, Manang aliketi mbele ya kompyuta akajaza alivyokumbuka.

Wiki mbili baadaye akaitwa mbele ya kamati. Leseni yake ndiyo iliyokuwa mezani, na ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu. Madamu Concepta, mkuu wa wauguzi, akasukuma mbele karatasi iliyotolewa kwenye mashine.

"Vipimo sita, vyote kati ya saa saba na nusu na saa nane kasorobo. Mtoto alikuwa ameshafariki. Ulikuwa unampima nani, Felisa?"

Felisa tupu, bila Manang. Miaka yote hiyo hajawahi kumwita hivyo.

"Nilikuwa naye, Madamu. Niliandika mkononi."

"Mkononi wapi?"

Manang akakunja mkono wa gauni. Palikuwa na alama ya meno, imeshageuka manjano, basi.

"Hiyo haina saa," Madamu akasema. "Haya, tutajie. Saa tano na nusu moyo ulikuwa ngapi?"

"Mia na thelathini na..." Yesu na Maria, ilikuwa thelathini na sita au ishirini na sita? Alifumba macho auone mkono wake wa siku ile. Aliona povu tu.

Wakamwingiza Jovelyn. "Alikuwepo," akasema. "Hakuniacha hata kwenda haja. Mimi ndiye niliyemng'ata."

"Pole sana, mama," daktari wa kamati akamwambia kwa upole. "Lakini mwenye uchungu hajui saa. Tazama mwenyewe." Akamwonyesha karatasi, pale penye nafasi tupu.

Jovelyn aliitazama. Kisha akainua macho kwa Manang, na hayakuwa macho yaleyale. "Kwa hiyo mwanangu hakupimwa?" akauliza.

Hata Manang alikuwa ameanza kujiuliza.

Chati za Rhea Mae zilisifiwa mbele ya wote: kina mama sita, kila robo saa, hakuna pengo. Manang alijua, maana mlango ulikuwa wazi akimwona, kuwa yule msichana hakuinuka kitini mbele ya kompyuta asubuhi ile. Alinyamaza. Kumtaja kungemfufua nani?

Barua ilisema mama alikaa muda wa karibu saa tatu bila uangalizi. Pengo moja zaidi, leseni inakwenda.

Mwezi uliofuata alikuja Analyn, mimba ya kwanza, naye mwoga. "Manang!" alikuwa akiita kutoka chumbani. "Manang, njoo unishike!"

"Nakuja, mwanangu," Manang alijibu kutoka mwisho wa korido, akijaza kisanduku cha sigara. Alikwenda mbio kila robo saa, akasikiliza moyo, akarudi mbio kabla mashine haijamfukuza. Kwa muda wa saa saba hapakuwa na pengo hata moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa msafi. Mtoto alizaliwa kwenye zamu iliyofuata, mzima, analia vizuri.

Kesho yake mama mkwe wa Analyn alikuja na kofia nyeupe, Manang akiwa anatandika kitanda cha jirani.

"Basi nani atamsimamia mtoto? Si yule mkunga aliyekaa na wewe?"

"Hakuna aliyekaa na mimi," Analyn akasema. "Kulikuwa na mmoja kule kwenye kompyuta. Alikuja mbio, akaondoka mbio, sura yake hata sikuishika."

Manang akalivuta shuka, akalikunja pembe, akaenda kitanda kingine.