Mkataba wa Mtungi wa Langilangi

Barua ilifika mtaa wa Tsaramandroso, mjini Mahajanga nchini Madagaska, mwezi wa tatu mwaka 1979, na Echata ndiye aliyeifungua, kwa kuwa mumewe Elamine hakujua kusoma herufi za Kifaransa. Yeye alisomea chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akaishia kwenye herufi za Kiarabu.

"Inatoka kisiwani Nosy Be," Echata alisema. "Kwa mwanamke wa Marodoka, anaitwa Nafissa. Anakutaka wewe."

"Mimi? Kwa lipi?"

Echata akamsomea. Maneno yalikuwa machache. Mtungi wa shaba wa kukenekea mafuta ya langilangi, ule wa kuchemshia maua mpaka yatoe mafuta, ulikuwa umetoboka kitako. "Mwaka 1966 walikuja mafundi watatu kutoka Mahajanga kuufunga," Nafissa aliandika. "Wawili walikaa kivulini. Mmoja aliingia ndani ya mtungi na taa, akatoka mweusi kama mkaa. Niliuliza jina lake. Njoo tuandikiane."

Elamine alikuwa fundi wa shaba. Kwa miaka kumi na minne alifua mitungi, matangi na masufuria katika karakana ya mtu mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1976 watu wenye asili ya Komoro waliuawa mjini humo kwa mamia, na wengi wa waliosalia wakapakiwa kwenye meli na ndege kurudishwa visiwani. Mwenye karakana aliuza vyombo akaondoka nao. Elamine na Echata walibaki kwa sababu mama yake Echata alikuwa Msakalava, mwenyeji wa nchi, akawaficha kwake Marovoay mpaka mji ukapoa. Waliporudi, nyumba ilikuwa imesimama lakini kazi haikuwepo. Kwa miaka miwili Elamine aliziba masufuria ya majirani. Watu walimlipa mchele, wengine shukrani.

"Tuandikiane nini?" aliuliza.

"Mkataba, Baba Hadidja. Na usitie kidole gumba mpaka usomewe neno kwa neno."

Alifunga nyundo zake, patasi na mkasi wa bati ndani ya gunia, akapanda lori la mizigo. Siku ya nne alifika bandari ya Antsahampano, akavuka kwa boti hadi Hell-Ville kisiwani, na kutoka hapo akatembea hadi Marodoka gunia likiwa begani.

Nafissa alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye kusema upesi. Mumewe alimwachia milangilangi mia tatu, jiko la matofali na ule mtungi. Hakumkaribisha fundi ndani kwanza. Alimpeleka moja kwa moja bandani. Elamine alipiga kitako kwa kidole, akasikiliza, akapiga tena kando kando.

"Kitako chote kibadilishwe," alisema. "Na mshono wa shingo umechoka."

"Nilijua. Kesho tutaandika."

Kesho yake barazani alikuwepo mtu wa tatu, Bwana Zoubeir, aliyewahi kuwa karani wa shamba kubwa. Alikuwa na taipureta, karatasi yenye stempu ya serikali, na vipande viwili vya karatasi ya kaboni alivyovitunza kama dhahabu, maana miaka ile hata kaboni ilikuwa shida kupatikana. Alikuwa amekwisha kupiga chapa kila kitu kabla mtu hajamwambia neno. Aliweka miwani, akaanza kusoma kwa Kimalagasi.

"Kifungu cha kwanza. Bwana Elamine anaajiriwa na Bibi Nafissa. Cha pili, atafika kazini saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka kwa ruhusa. Cha tatu, anaweza kuachishwa siku yoyote bila taarifa. Cha nne, akiumia, ni juu yake mwenyewe."

"Rudia cha kwanza, kisha cha nne," Elamine alisema.

Zoubeir akarudia.

"Cha kwanza kinasema mimi ni mtu wako. Cha nne kinasema mimi si mtu wako. Sasa nitakuwa yupi?"

"Ndivyo inavyoandikwa siku zote," Zoubeir alijibu.

"Basi waliotia vidole siku zote hawakusomewa."

Nafissa akapandisha sauti. "Wewe umekuja kufanya kazi au kufanya kesi? Mwaka juzi nilimwamini fundi kwa mdomo tu. Akala malipo ya kwanza, akaufungua mtungi vipande vipande, kisha akaitwa Ambanja kwenye kazi nyingine. Aliniacha hivyo msimu mzima! Maua yalianguka chini ya miti nikiyatazama. Nikikufunga kwa saa kumi na mbili, nina sababu yangu."

"Nami nina yangu," Elamine alisema. Akasimama, akaomba maji ya kutawadha, kwa maana adhuhuri ilikuwa imekaribia, akaenda msikitini. Njiani alihesabu siku za safari ya kurudi. Alimfikiria Echata, jinsi alivyouza kanga mbili ili apate nauli. Alipomaliza kusali alikaa mkekani muda mrefu kuliko kawaida. Alijua kwamba akiondoka hatapata barua nyingine kama ile. Alijua pia kwamba akikubali atakuwa amerudi kule kule alikotoka.

Alirudi kuchukua gunia lake bandani. Akamkuta Nafissa peke yake, amekaa juu ya kinu kilichofudikizwa, anautazama mtungi.

"Huo mkono," Nafissa alisema, akikitazama kiganja cha kushoto cha Elamine kilichokunjamana kwa kovu. "Uliungua lini?"

Elamine hakuwa na mazoea ya kusimulia jambo lile. Lakini mwanamke alikuwa ameuliza kwa upole, na hakukuwa na karani.

"Mwaka sabini na moja. Lehemu ya moto ilinimwagikia. Hospitali waliuliza nani atalipia, mwenye karakana akasema, 'Huyu ni kibarua wa siku, mimi simjui.' Nilikaa nyumbani miezi mitano bila hata senti. Niliporudi, siku ya kwanza nikachelewa kidogo kwa sababu vidole vilikuwa havifungi vifungo vya shati. Akanifokea mbele ya watu. 'Wewe ni mfanyakazi wangu, saa ni saa!' Tangu siku hiyo, Bibi, sijui mimi ni nani kazini. Wakati wa faida nilikuwa wake. Wakati wa hasara nilikuwa wa Mungu tu."

Nafissa aliinuka kwenye kinu. Kisha akasema, "Mimi sitaki mfanyakazi. Sina msimamizi wa kukusimamia, wala kazi ya kukupa mtungi ukiisha kupona. Ninachotaka ni mtungi mzima, kwa siku yake, na wewe usiondoke katikati."

"Basi hayo ndiyo tuyaandike. Utaniambia unataka mtungi wa namna gani na lini. Hutaniambia nishike nyundo vipi."

"Na ukilala mpaka jua liwe utosini?"

"Nikilala, na mtungi ukawa tayari siku tuliyopatana, umepoteza nini?"

Nafissa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Na usipokuwa tayari?"

"Kila juma litakalopita, unanikata. Andika hivyo. Mimi mwenyewe nakwambia andika."

Wakaendelea pale pale bandani, mmoja akisema, mwingine akipinga. Nyundo na patasi zingekuwa za fundi, bamba la shaba lingenunuliwa na mwenye mtungi. Ijumaa ni mapumziko bila kuomba ruhusa. Juu ya suala la kuumia walivutana zaidi kuliko jingine lolote. Mwishowe wakapatana. Fundi akijikata kwa chombo chake, ni yake. Ngazi ya Nafissa ikivunjika, au jiko lake likibomoka, basi dawa na siku za kitandani ni za Nafissa. Naye fundi hatagusa kazi ya mtu mwingine mpaka mtungi uchemshwe mara tatu bila kuvuja. Mshono aliouziba yeye ukiachia ndani ya miezi sita, ataurudia kwa gharama yake. Waligundua kwamba walipobishana juu ya shaba na siku walitumia Kimalagasi, lakini kila walipofika kwenye jambo la kufunga neno, yalikuja maneno ya wazee wao, sharti, dhamana, ahadi, na hapo hapakuhitaji maelezo.

Zoubeir alipoitwa tena alinuna. Karatasi yenye stempu ilikuwa imekwisha kuharibika, na kaboni moja pia. Alimtaka Nafissa anunue nyingine, akapiga chapa upya kwa kishindo, akisema kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuona fundi anayejitungia adhabu mwenyewe. Lakini alipofika kwenye neno "anaajiriwa" aliinua kichwa.

"Sasa niandike nini hapa?"

"Andika, 'wamepatana,'" Nafissa alisema.

Nakala ilipokuwa tayari, Zoubeir akasogeza kidau cha wino kwa ajili ya kidole gumba. Elamine hakuinua mkono.

"Nimesomewa," alisema, "nami namwamini Bwana Zoubeir. Lakini hii nitaibeba mpaka kwangu, na nikiifungua sitaona kitu."

Nafissa akaingia ndani, akatoka na kalamu na karatasi ya daftari. Alikaa chini barazani, akaandika mkataba wote upya kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, lugha ile ya biashara aliyofundishwa na babu yake, ambayo nyumbani kwake hakuwa amebaki mtu wa kuizungumza naye. Alikwama mara mbili tatu. Elamine akamkumbusha neno moja kwa Kikomoro, likafaa.

Kisha Elamine akausoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akachukua kalamu na kuandika jina lake chini, katika karatasi zote mbili. Kidau cha wino kikafunikwa kama kilivyokuja.

Asubuhi ya kwanza ya kazi Nafissa alitoka kabla ya jua, akaenda bandani. Hapakuwa na mtu. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akarudi jikoni. Elamine alikuja saa mbili, akafanya kazi mpaka magharibi. Siku nyingine alianza alfajiri na kuacha mchana. Kitako cha zamani kilitoka juma la pili. Kipya alikifua kwa nyundo ya mti, kidogo kidogo, mpaka majirani wakazoea mlio wake.

Juma la nne akaja msimamizi wa shamba moja la upande wa pili wa kisiwa. Mitungi yake mitatu ilikuwa mibovu, akaahidi malipo makubwa kuliko ya Nafissa ikiwa fundi ataanza Jumatatu.

"Baada ya huu kuchemka mara tatu," Elamine alimjibu.

"Nani atajua ukianza kabla?"

"Nimesaini."

Msimamizi akasema atangoja siku chache, si zaidi. Maneno hayo yakamwingia Elamine zaidi ya alivyotaka. Ribiti za mwisho za kubana mshono wa shingo alizipiga kwa haraka, akili ikiwa ng'ambo ya kisiwa.

Mchemsho wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, aliposogeza kiganja karibu na shingo, alihisi mvuke mwembamba. Mshono ulikuwa umepakwa unga uliokandwa, kama ilivyo desturi, na hakuna jicho ambalo lingeuona. Nafissa alikuwa anakinga mafuta kwenye chupa, ameridhika. Elamine alisimama pale kwa dakika nzima.

"Bibi Nafissa," aliita. "Zima moto. Unavuja, na kosa ni langu."

Aliifungua shingo, akazing'oa ribiti zote, akaanza upya. Zikapita siku nane, na siku ya mapatano ikapita nazo. Nafissa alimkata ujira wa juma moja, kama walivyoandika, akampa kilichobaki bila maneno mengine. Elamine naye hakuomba asamehewe. Wakahesabu michemsho upya, na ule wa tatu walikaa wote wawili kando ya jiko tangu maua ya asubuhi yalipotiwa mtungini mpaka mafuta yakaelea juu ya maji, ya manjano na mazito, na harufu ikafika barabarani.

"Sasa nenda kwa yule bwana," Nafissa alisema. "Naye mwandikie hivi hivi."

Yule msimamizi alikuwa amekwisha kumpata mtu mwingine. Lakini habari ya fundi aliyezima moto kwa kosa lake mwenyewe ilivuka maji kabla yake. Kabla mwaka haujaisha Elamine alikuwa na kazi mbili upande wa Ambanja, na kila alikokwenda alikwenda na mkataba wake, umepigwa chapa na kuandikwa kwa mkono. Miaka minne baadaye alimhitaji mwashi wa kumjengea majiko, mtu wa makamo aitwaye Oumouri. Akamtuma Echata aandike, na mstari wa kwanza alioutaja ulikuwa kwamba Oumouri afike saa kumi na mbili.

Echata akaweka kalamu chini, akamtazama. Elamine akaona haya.

"Futa," alisema.

Kimbunga cha Aprili 1984 kiliezua mapaa ya Mahajanga, mtaa kwa mtaa. Ghafla kila mtu alikuwa anamtafuta seremala na kila seremala alikuwa na ahadi kumi. Ugomvi ukawa mwingi. Mjane mmoja wa Tsaramandroso, Kadidja, alikuja kulia kwa Echata kwamba fundi wake amechukua mbao akapotea, naye Echata akamwambia amlete fundi mwingine, lakini safari hii wapitie kwake kwanza. Wakaja. Juma lililofuata wakaja wengine watatu. Hakuwa na taipureta. Aliandika kwa kalamu, nakala mbili, na kila mmoja alisomewa kwa lugha aliyoijua. Hakudai kitu, ila wengi walileta samaki au mayai.

Kufikia Ramadhani baraza lake lilikuwa halikosi watu baada ya alasiri. Elamine akirudi kutoka kazini alilazimika kuwapitia pembeni ili aingie kwake. Siku moja alimkuta mkewe kati ya mama mmoja mkali na seremala mkali zaidi, wote wakisema kwa pamoja, na Echata ametulia, kalamu mkononi.

"Ngojeni," aliwaambia. "Kabla ya yote. Misumari inaletwa na nani?"

Wote wawili wakatazamana. Hawakuwa wamelifikiria. Seremala akavuta kigoda, akakaa.