Lubisi Iliyokataa Kuchachuka

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, juu ya kilima huko Muleba, ndio mwaka niliotakiwa kupeleka lubisi, pombe yetu ya ndizi, ukweni. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo kazi ya kukamua ndizi ilikuwa yangu. Pombe ikipokelewa, ningepewa binti niliyemchumbia. Ikikataliwa, basi.

Kule kwetu Ijuganyondo mtumbwi wa pombe, gogo lililochongwa la kukamulia ndizi, ulikaa katikati ya migomba mikubwa, upepo haufiki. Hapa migomba ilikuwa bado inanifika magotini. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikanyaga ndizi mbivu tulizotoa shamba letu la zamani, kwa nyasi, mpaka miguu ikafa ganzi, nikachuja maji yake.

Jirani alitushauri tuchukue machicha ya pombe yake, yaliyokuwa bado yanatoa povu.

"Kwa baridi hii mtama peke yake hautafanya kitu," alisema.

Mama akakataa. "Ya ukweni huanzishwa na mtama wa nyumba yenyewe. Tukiazima chachu, watasema tumewapelekea pombe ya watu."

Alikaanga mtama wetu mwekundu, akausaga, nikaumimina. Nikafunika mtumbwi kwa majani ya migomba, na magunia juu yake. Asubuhi niliinama nikaweka sikio. Kimya. Nikaonja. Tamu, kama tulivyoiacha. Lakini tulikuwa tunasubiriwa, kwa hiyo tukaijaza kibuyuni hivyo hivyo, nikaondoka na mshenga.

Baba wa binti alivuta kwa mrija, akampa kaka yake.

"Hii wapewe watoto," kaka yake alisema.

"Labda huko ujamaa wazee na watoto wanakunywa kibuyu kimoja," mwingine akadakia. Wakacheka.

Mshenga akaanza kueleza habari za upepo wa kilimani.

"Bwana mshenga, baridi hata kwangu ipo," baba wa binti alisema. "Rudini na kibuyu chenu."

Nilitazama miguu yangu. Binti sikumwona. Nilisikia tu mlango wa jikoni ukifungwa.

Njiani jua likawaka. Povu la kibuyu nilichobeba likaanza kuchuruzika mgongoni mwangu, na tulipofika nyumbani ilikuwa pombe kamili. Majirani wakaja, wakanywa, wakaisifu. Mama aliwagawia bila kuinua macho. Mimi nililala kifudifudi ndani, nikingoja waondoke.

Msimu wa kahawa uliofuata, watu wa Bukoba mjini walipita chini ya kijiji chetu na vibuyu vyao, wakielekea kwao yule binti kumposa.