Kijidudu Kisichomuuma Amisa

Mtoto wa kwanza wa Amisa alikufa kabla hajapewa jina. Alizaliwa mzima, kesho yake homa ikampanda, akaacha kunyonya, akazimika. Watu wa mtaa wa Kikula walinong'ona kuwa ni ulozi. Mumewe Yunus, dereva wa lori, aliwaamini. Alirudi barabarani, na tangu hapo, ila usiku mmoja mmoja alipopita, nyumba ikawa ya Amisa peke yake.

Mimba ya pili ilipokaribia kutimia, mkunga Orpha alimpima kwa kijiti chenye pamba. Majibu yalipotoka akamwita kando.

"Mama, weye iko na mikrobe moja, kadudu kadogo. Weye haikuumize, lakini mutoto anaweza kuipata pa kuzaliwa. Uchungu ukianza, kuya mbio huku hospitali, tukutie dawa mu mushipa."

"Njo ile iliua wa kwanza?"

"Pengine. Hatukumupima. Lakini haiko kosa yako."

Amisa alimpigia Yunus, aliyekuwa mpakani Kasumbalesa. Simu iliita bila kupokewa.

Uchungu ulimshika sokoni, akiuza samaki wakavu. Alifunika meza, akapanda pikipiki hadi hospitali. Dawa ikadondoka mshipani tone kwa tone, huku wazazi wenzake wodini wakipanguswa jasho na mama zao. Jioni akazaa msichana.

Siku zilipita, mtoto akinyonya kwa pupa. Ndipo Yunus, aliyepata habari za uzazi, akapiga simu.

"Mutoto iko na homa?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana. Yunus, ya wa kwanza haikukuwa bulozi. Ilikuwa ugonjwa, inaonekana."

 Amisa alisikia injini ya lori ikinguruma, na mumewe akilia mbali naye.