Samaki wa Katikati ya Sinia

Mama yangu mkubwa, Bi Fathiya Hamad, ana miaka hamsini na tisa, na mtaani kwetu Mji Mkongwe wanamwita Bi Nani Kasema. Jina hilo hakulichagua. Amelipata kwa sababu mtu akimwambia kitu, hata kitu kidogo, yeye huuliza nani kasema. Muuza maembe akisema haya matamu, nani kasema. Jirani akisema mdalasini unashusha sukari, nani kasema, na alipimwa nani, na huyo aliyepimwa alikuwa anakula nini kingine. Watu wengi humaliza mazungumzo hapo.

Miaka ishirini na sita alipima watoto wachanga kliniki. Magoti yalipochoka akastaafu mapema, akakaa nyumbani wiki mbili, akatupima sote. Ilikuwa nafuu kwetu ofisi ya juu ilipomchukua.

Ofisi hiyo imekodi ghorofa ya pili ya nyumba yetu. Ina watu watatu: Daktari Himid, ambaye ndiye mkubwa, Ulfat wa kompyuta, na Bi Fathiya. Kazi yao ni kutengeneza kijitabu cha chakula kwa wanawake waliopita miaka sitini. Mlango wa juu umevimba kwa mvua tangu mwaka juzi na haufungiki, kwa hiyo sisi wa chini tunazijua habari za kijitabu kuliko tulivyotaka. Mimi skuli niliishia darasa la sita. Mambo ya lishe nimeyasoma kwenye ngazi.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba kila sentensi ya kijitabu ina karatasi yake. Juu ya karatasi pameandikwa sentensi yenyewe. Chini yake Bi Fathiya hutaka mambo manne: nani aligundua, kwa kuwapima watu gani, wangapi, na gharama alitoa nani. Sentensi isiyokuwa na manne haya huwekwa kwenye boksi la viatu chini ya meza. Boksi lilipojaa akaleta jengine.

Siku moja Ulfat alileta sentensi ya maziwa, nzuri sana, na utafiti wake umechapwa kwa rangi.

"Aliyelipa nani?" akauliza Bi Fathiya.

Ulfat akatafuta. "Kampuni ya maziwa."

"Walitegemea waone maziwa mabaya?"

"Bi Fathiya, si lazima wawe waongo."

"Sijasema waongo. Nasema tafuta mwengine aliyeona hivyo hivyo na hauzi maziwa."

Sentensi ya damu na mboga za majani ilitoka kwenye utafiti wa askari vijana wa nchi ya baridi. Bi Fathiya aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Hawa si bibi." Daktari Himid alicheka sana, kisha akaiondoa sentensi.

Baada ya hapo maandishi hupelekwa kwa mtaalamu mmoja wa bara asiyewajua, ayasome peke yake na kuyakosoa. Yakirudi, husomewa wanawake watatu wasiojua kusoma, nao waeleze walichosikia. Kijitabu kilisema kunywa maji glasi nane. Mmoja akauliza glasi ya wageni au ya kila siku. Wakakaa kikao cha nusu saa juu ya glasi.

Basi hivyo ndivyo walivyokwenda mpaka ukurasa wa tisa, ambao ulikuwa wa Bi Fathiya mwenyewe.

Ukurasa wa tisa haukutoka kwenye vitabu vya watu. Ulitoka kwenye fomu. Kwa miezi saba Bi Fathiya alitembea na mizani, mjini na shamba, katika nyumba mia na kumi na mbili zenye mwanamke wa miaka sitini na zaidi. Anafika asubuhi, anapima mchele, anapima samaki, anaandika watakaokula ni wangapi. Nyumba za jamaa haendi. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, kwamba jamaa humpimi, utamwonea au utampendelea. Jioni fomu zinapanda juu, Ulfat anagawanya samaki kwa idadi ya walaji, mtoto akihesabiwa nusu. Haikurudishwa fomu hata moja. Jawabu likatoka zuri, na ukurasa wa tisa ukaandikwa: wanawake wakubwa wa Unguja wanapata samaki wa kutosha katika chakula cha mchana, hawana haja ya kuongeza.

Kilichobaki ilikuwa saini. Nyuma ya kijitabu palikuwa na mstari, "Imehakikiwa na Fathiya Hamad," na mpiga chapa wa Mlandege alikuwa anasubiri Jumatatu. Katika maisha yake jina lake halijawahi kuchapwa popote ila kwenye kitambulisho, nako walikosea. Alikuwa ameshapanga kijitabu cha kwanza atampa nani na cha pili nani. Mimi nilikuwa wa sita.

Ijumaa ile tulikwenda Chukwani kwa bibi yangu mzaa baba, Bi Makungu. Yeye ana miaka sabini na moja. Hakuwa kwenye fomu, kwa sababu ni jamaa. Siku zile alikuwa akilalamika miguu haina nguvu, akiinuka lazima ashike ukuta, na sote tulisema ni umri.

"Shikamoo, Bi Makungu," akasema Bi Fathiya.

"Marahaba. Umekuja na mizani?"

"Sikuja nayo."

"Alhamdulillahi. Nasikia unapita majumbani unahesabu tonge za watu. Leo kula, mwanangu, usihesabu."

Wanaume waliandaliwa chao barazani. Sisi tulikaa ukumbini, wanawake wanne na watoto watatu, sinia moja. Wali wa nazi, mchuzi, na vibua vya kukaanga vimepangwa katikati. Kila mtu anakula mbele yake, na samaki wa katikati ni wa wote. Anayemgawa ni Bi Makungu. Tangu nimepata akili ndiye anayechambua miba.

Nilimwona Bi Fathiya anamwangalia. Kwanza anakula na kuangalia, halafu anaangalia tu.

Mkono wa Bi Makungu ulikuwa kwenye samaki kuliko mkono wa mtu yeyote pale. Anavunja, anatoa miba, anasukuma nyama mbele ya mtoto. Anavunja tena, anasukuma mbele ya mama yangu. Akaweka kipande kikubwa mbele yangu, nami nikakila kama ninavyokila siku zote. Kisha anachota wali mtupu, anauchovya kwenye mchuzi, anautia mdomoni, anarudi kwenye samaki. Vidole vyake viling'ara kwa mafuta ya kibua.

"Bi Makungu," akasema Bi Fathiya, "samaki unakula?"

"Kila siku. Baba yao hakosi kuleta."

"Leo umekula?"

"Wewe una nini? Si nipo naye toka tulipokaa?"

"Nauliza umekula."

Bi Makungu akatazama mbele yake. Palikuwa na miba, mingi na safi. Akatazama katikati. Palikuwa na vichwa viwili.

"Kichwa nakipenda," akasema.

Kichwa kimoja alikichukua mtoto wa mwisho kabla hajamaliza kusema. Bi Fathiya alinawa mikono, akasema ameshiba, na hakushiba, kwa sababu niliona alipoachia. Njia nzima ya kurudi mjini hakuuliza mtu nani kasema.

Jumamosi na Jumapili alizitoa nakala za fomu zake zote akazitandika kitandani. Alilala kwenye mkeka. Nilimpelekea chai akaniuliza, "Kwenye hizi fomu unaona wapi pameandikwa nani kala?"

Nikasoma moja yote, taratibu. Palikuwa na kilichopikwa, uzito wake, na idadi ya watu.

"Hapana," nikasema.

"Mia na kumi na mbili," akasema, "na nilikaa nyumba zote hizo mpaka wakapakua, nikaaga, kwa sababu si adabu kumkodolea mtu macho akila." Akanywa chai. Ilikuwa imeshapoa.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi polepole, goti kwa goti. Sisi chini tulizima redio.

"Bi Fathiya, kalamu hii hapa," Daktari Himid akasema.

"Sitii saini. Ukurasa wa tisa haupo sawa."

"Umekosewa na nani?"

"Na mimi. Fomu zina kosa."

"Fomu zako hazina kosa hata moja. Ulfat, zina kosa?"

"Hazina," akasema Ulfat.

"Lipo moja," akasema Bi Fathiya. "Limo kwenye zote."

Akawaeleza sinia. Akawaeleza mkono wa anayechambua. Nikasikia kiti cha Daktari Himid kinavutwa.

"Umeona nyumba ngapi hivyo?"

"Moja."

"Nyumba moja si utafiti. Ungekuwa wewe ndiye unayeletewa hiyo, ungeitia kwenye boksi la viatu."

"Ningeitia. Ndiyo maana sisemi mabibi hawali samaki. Nasema hatujui, na sisi tunataka kuchapa kwamba tunajua."

"Mpiga chapa ana vijitabu elfu tatu vya kuanza leo. Na mkataba wako unaisha na kijitabu hiki, Bi Fathiya. Wa pili nataka nikuchukue wewe. Sasa nikiwaambia wenye mradi kwamba miezi saba imepotea, watauliza aliyeipoteza nani."

"Waambie jina langu. Si ulikuwa unalichapa?"

Ulfat akapaliwa na kitu. Daktari Himid hakucheka safari hii. Akasema, "Hebu tuseme bibi mmoja kausoma ukurasa huu akaacha samaki. Hasara yake kubwa kiasi gani?"

"Bibi hausomi. Anausoma mkwe wake. Anasema, mama, serikali imesema samaki unapata wa kutosha. Basi hata kile kichwa anakiachia."

Hapo Daktari Himid alitoka nje ya mlango, akasimama juu ya ngazi, akatuona sisi sote tumekaa tumenyamaza. Akarudi ndani. Akampa wiki mbili na nyumba kumi na mbili, zipatikane kwa kura, asizichague mwenyewe.

Nyumba ya kwanza alikwenda na sahani, kila mtu ale yake. Mwenye nyumba, Bi Zeyana, alimtazama kama aliyetukanwa. "Sahani peke yangu? Mimi mgonjwa? Au nimegombana na wanangu?" Bi Fathiya akaomba radhi, akarudisha sahani kikapuni. Siku ya pili alijaza kunde mfuko wa kulia, akakaa kwenye sinia pamoja nao. Kila kipande cha samaki kilichofika mdomoni mwa bibi, kunde moja ilihamia mfuko wa kushoto, kwa mkono wa kushoto, bila kutazama. Akirudi nyumbani anageuza mfuko wa kushoto mezani na kuhesabu. Mara nyingi hakukuwa na cha kuhesabu. Mara moja zilitoka kunde nne akafurahi, kisha akakumbuka kwamba bibi yule anaishi peke yake.

Kati ya nyumba kumi na mbili, tisa bibi alikula mchuzi tu. Akaandika ripoti ya ukurasa mmoja na kuipeleka kwa yule mtaalamu wa bara. Barua ilirudi na maneno machache: kumi na mbili ni kidogo mno kusema jambo lolote kwa uhakika, lakini zinatosha kabisa kuufuta ukurasa wa tisa. Bi Fathiya aliisoma mara mbili. Alisema huyu mtu anajua kazi.

Wenye mradi waliuliza aliyepoteza miezi saba nani. Daktari Himid aliwaambia. Waliandika barua kwamba fomu zote zirudiwe, na kwamba mrudiaji atalipwa nauli tu mpaka amalize. Ulfat aliileta mwenyewe chini, akaiweka mezani, akajifanya anatazama dirishani.

"Nauli ya mtu mmoja au wawili?" akauliza Bi Fathiya.

"Mmoja."

"Basi wewe tengeneza fomu mpya. Kilichopikwa kiache, lakini kiwe chini. Juu kabisa weka kilichofika mdomoni."

Kijitabu kilichapwa bila ukurasa wa tisa. Kutoka wa nane kinarukia wa kumi, na katikati kuna kipande cha karatasi kimegundishwa kinachosema kwamba habari za samaki zinapimwa upya, kwa kuwa kipimo cha kwanza kilichofanywa na Fathiya Hamad kilikosea. Daktari Himid alitaka kuandika "kipimo cha awali kilikuwa na upungufu." Bi Fathiya alimuuliza upungufu huo una miguu, ulitembea wenyewe majumbani? Nyuma, kwenye mstari wa uhakiki, alitia saini. Vijitabu vile alivyopanga kugawa aligawa vyote, kwa mpango ule ule. Bi Makungu alisomewa cha kwake na mama yangu, akataka arudiwe pale penye jina.

"Wameliandika vizuri," akasema.

Jumanne ya baadaye nilifuatana na Bi Fathiya mpaka nyumba nambari moja, kwa sababu ilikuwa njiani kwangu. Alibisha hodi. Akatoka mama mmoja mzee mwenye kanga ya jikoni, mikono ina unga.

"Shikamoo," nikasema mimi.

"Marahaba." Akamtazama Bi Fathiya. "Si wewe ulishakuja mwaka jana ukapima mpaka ndimu zangu?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Nlikosea. Nnaomba nije tena, na safari hii nikae mpaka mle."

Yule mama akafikiri. Ndani kulinukia nazi.

"Wapo wajukuu wanne leo," akasema, "samaki mdogo."

"Huyo huyo nnamtaka."

Akasogea, akaacha nafasi ya kupita. "Viatu acha hapo hapo," akasema.